Ndoo ya Mchele Iliyokwenda Karatina

Saa tatu usiku ya Ijumaa ni saa yetu. Tumeilinda tangu mwaka 2017, mimi na wanawake watano ambao kwa miaka sita sikuwahi kumshika hata mmoja mkono. Kwenye simu nimewaandika kwa mahali walipo: Nanyuki, Karatina, Kerugoya, Doha, Lowell. Majina yao nayajua, na ya watoto wao, na ya ng'ombe wao kwa wale walio na ng'ombe, lakini tukishaonana kwenye kioo tunaitana kwa miji. "Nanyuki, kuna baridi?" "Imeingia mpaka mifupani, Nyeri. Huko je?" Baridi ndiyo iliyotukutanisha.

Sote tulikuwa na watoto wenye pumu. Nyumba yetu iko Tetu, upande wa milima ya Nyandarua, si mbali na Ihithe alikozaliwa Wangari Maathai, na ukifika mwezi wa Julai ukungu hushuka kutoka msituni ukalala uani mpaka saa nne za asubuhi. Kitindamimba wangu alipokuwa na miaka miwili kifua chake kilipiga filimbi usiku kucha. Jirani akaniingiza katika kundi la wazazi la WhatsApp lililokuwa limejaa pomoni. Siku hizo kundi halikuweza kuzidi watu 256, ikabidi ningoje mmoja atoke ndipo nipate nafasi. Humo nilifundishwa kutoboa chupa ya plastiki ya nusu lita, nikaingiza mdomo wa pampu tunduni, ili mtoto avute dawa polepole isiishie ulimini. Aliyenifundisha ni Kerugoya. Sitalisahau hilo.

Kisha ukaja uchaguzi. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais, na kabla ya jua kutua lile kundi la watoto wenye pumu lilikuwa limegeuka uwanja wa matusi. Mama mmoja aliandika kwamba mwanawe amebanwa na pampu imeisha. Swali lake likazikwa chini ya video za wanasiasa. Huyo mama ndiye Nanyuki. Kerugoya alimjibu faraghani, akakaa naye kwenye simu mpaka mtoto akapumua, na kesho yake wakatuita wengine wanne tuliozoea kujibizana kwa upole. Tukahama.

Watoto wamekua, na vifua vingi vimepona, ila sisi hatukuachana. Tunaongea habari za bonasi ya majani chai, za viatu vya shule, za waume wanaonyamaza na wazee wanaosahau. Doha hufanya kazi ya usafi hotelini. Wakati wa Kombe la Dunia mwaka 2022 tulimwona mara mbili tu mwezi mzima, na mara ya pili alilala tukimtazama. Mwanawe yuko kwa bibi yake Mukurwe-ini, ndiyo maana kila mara huniuliza kama mlima umeonekana asubuhi. Nikisema umeonekana, anajua mwanawe ameamkia anga wazi bila ukungu. Lowell huwatunza wazee usiku kule Massachusetts, mji uliojaa watu wetu, na saa tatu yetu humkuta saa nane ya mchana akiwa ndiyo kwanza ameamka. Wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa Novemba humkuta saa saba. Karatina huuza makoti ya mitumba sokoni. Huyo ndiye aliyekuwa karibu nami kuliko wote, chini ya saa moja kwa matatu, na ndiye tuliyekuwa tukiambiana kila mwaka, "Mwaka huu lazima tuonane."

Tuna sheria moja iliyoandikwa. Jioni ya Jumatatu, Oktoba 4, 2021, WhatsApp ilizimika dunia nzima pamoja na Facebook na Instagram, ikakaa kimya karibu saa sita. Mchana wa siku hiyo Karatina alikuwa ametuambia anaumwa na tumbo vibaya mno. Tulipiga namba yake ya kawaida, ikawa imezimwa, na hakuna kati yetu aliyejua mtu mwingine hata mmoja wa nyumbani kwake. Tulikesha. Asubuhi akatokea, mzima, simu yake iliisha chaji tu. Nanyuki alilia kwa hasira. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu ana daftari, na ndani yake kila mwenzake ana namba ya pili: ya mume, ya jirani, ya mtoto mkubwa. Lazima iwe kwenye karatasi, kwa sababu simu ikifa hufa na namba zake.

Sasa nieleze habari za ng'ombe, maana bila yeye kisa hiki hakina maziwa.

Baba mkwe, mbele yetu sote, mezani, Krismasi ya mwaka 2019, alimwahidi wifi yangu aliyeolewa Karatina ndama wa kike. Ndama akazaliwa, akaachwa kwetu akue kwa sababu kwetu kuna nyasi za nepia. Baba mkwe akafariki mwaka 2021. Ndama akawa mtamba, mtamba akazaa, akaanza kutoa lita kumi na mbili kwa siku, na lita hizo zikaingia kwenye karo ya kifungua mimba wetu kana kwamba zilikuwa zetu. Wifi aliuliza mara moja tu. Aliniuliza mimi, si kaka yake, na mimi nikamjibu, "Tutazungumza." Hakurudi kuuliza. Ila aliacha kulala kwetu akija, na kikombe cha chai alichopewa akawa anakinywa nusu.

Akapata mimba ya pili, na habari nikazipata kwa mama mkwe. Kwa miezi yote ile ya mimba nilimzungumzia kila Ijumaa. Niliwaambia wenzangu kwamba miguu imemvimba, kwamba ameambiwa apunguze chumvi, kwamba halali upande wa kulia. Lowell alituma mablanketi mawili ya mtoto kwa mkono wa mtu aliyekuwa akija nyumbani. Kerugoya aliuliza kila juma, "Na yule wifi yako?" Wanawake watano walioko mabara matatu walijua uzito wa ile mimba, na yeye mwenyewe, aliyeko Karatina, hakupata kutoka kwangu ila "salama" na "haya". Mablanketi yalikaa kabatini. Nilikuwa nangoja siku nitakayopata la kusema.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Agosti mwaka 2023, msichana. Kwa desturi ya Wakikuyu binti wa kwanza hubeba jina la mama yake baba, na wa pili jina la mama yake mama. Huyu alikuwa wa pili. Kwa hiyo mama mkwe, katika mwaka wa sabini na nane wa umri wake, alikuwa amezaliwa upya Karatina, na tangu siku alipopata habari alitembea uani kwetu kama msichana. Tukapanga kwenda kumwona mtoto Jumamosi ya tarehe 26. Zawadi yangu ilikuwa mchele wa pishori kutoka Mwea, kilo kumi, niliomwagiza Kerugoya. Babu yake alikuwa miongoni mwa waliochimba mifereji ya skimu ile katikati ya miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, wakiwa wafungwa wa kizuizini. Mpaka leo mjukuu wake akinunua mchele huinusa konzi ya kwanza kwa muda mrefu bila kusema neno. Aliuleta mpaka stendi, ukaja kwa matatu ndani ya ndoo nyeupe yenye kifuniko. Ulinukia nyumba nzima.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25, nilikuwa jikoni nikimwonyesha Doha mukimo. Alikuwa amepata majani ya malenge kwenye duka moja huko aliko, akataka kujua yanaingia sufuriani kabla ya viazi au baada. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, juu ya rafu, ili wote waone mikono yangu. Chini ya rafu, kwenye kigoda, ilikuwepo ndoo ya maziwa ya jioni, bado sijayachuja. Mama mkwe na watoto walikuwa wamelala. Karatina alikuwa akicheka jambo fulani. Ilikuwa yapata saa nne kasoro robo.

Stima ikapotea. Kerugoya akasema, "Kwangu pia imeenda," na Nanyuki akasema vivyo hivyo. Nikanyoosha mkono kuchukua simu inimulikie, mkono ukagonga chupa ya chai, na simu ikateleza.

Haikufanya kishindo. Iliingia kwenye maziwa kwa upande, ikazama mpaka chini ikiwa bado inawaka, na kwa muda wa pumzi moja ndoo yote iling'aa kutoka ndani, nyuso za rafiki zangu zikiwa huko chini nyeupe kama mwezi nyuma ya ukungu. Nilipiga kelele. Kisha ikazimika, na jikoni kukawa giza lisilo na ukingo.

Mume wangu alikuja na simu yake ya mulika mwizi, ile ndogo ya vitufe ambayo chaji yake hukaa wiki nzima, akamulika, akanikuta mikono imelowa maziwa mpaka viwikoni. "Itie kwenye mchele," akasema, kwa kuwa ndivyo kila mtu asemavyo. Mchele nyumbani ulikuwa ule wa zawadi peke yake. Niliifuta simu kwa kanga, nikaikung'uta, na ili nisiuchafue mchele wa watu nikaifunga kwa leso mpya ya maua niliyokuwa nimeinunua kwa ajili ya safari. Nikaizika katikati ya ndoo, nikafunika. Niliwaza kwamba nitaamka mapema niitoe. Mtu mwingine wa kumwambia hakuwepo. Nyumba nzima imelala, nje giza.

Karibu saa tano mulika mwizi ikalia. Ilikuwa namba ndefu ya Marekani. Mume wangu aliiweka sikioni, akasikiliza, akanipa bila neno. Lowell alikuwa akihema. Kwenye kioo chake aliona weupe, kisha weusi, na katikati akasikia ukelele wangu. Aliuliza maswali matatu mfululizo: je, mtoto anapumua? Je, umeungua? Je, nyumba imesimama? Nilipomjibu yote matatu alinyamaza, nikamsikia akijifuta. Yeye ndiye aliyetuambia, kutoka Massachusetts, baada ya kutazama habari, kwamba giza halikuwa la Tetu wala la Mlima Kenya: nchi nzima ilikuwa imezimika, mpaka uwanja wa ndege wa Nairobi. Mume wangu alitoka uani kuangalia. Alirudi akasema nyota ni nyingi mno.

Nililala nikiwa nimetulia kuliko nilivyostahili.

Mama mkwe huamka saa kumi. Jirani yetu hupeleka kabichi soko la Karatina siku za soko, na pikapu yake hupita mlangoni saa kumi na moja alfajiri. Mipango yetu ilikuwa tutoke wote saa tatu. Lakini mtu aliyezaliwa upya hangoji saa tatu. Aliposikia pikapu inapanda mteremko alivaa koti lake la kijani, akachukua kiondo chake, akaichukua na ndoo ya mchele, akapanda mbele kando ya dereva. Kifungua mimba wangu alimsikia akisema atatutangulia, akamjibu "Sawa, cucu," akalala tena.

Niliamka saa kumi na mbili, nikaingia jikoni, nikaona rafu na mahali pa ndoo pakiwa patupu.

Watu wameniuliza baadaye kwa nini nilishikwa na hofu kiasi kile kwa ajili ya simu. Simu haikuwa kitu. Niliona sufuria kubwa la wageni, maji yakitokota, na mtu akiinamisha ndoo na kumimina. Betri ya simu si kitu cha kuchemshwa mahali penye mzazi na mtoto mchanga. Tulipiga simu ya mama mkwe, imezimwa. Ya wifi, imezimwa. Stima haikuwa imerudi, na asubuhi ile simu nyingi za nchi hii zilikuwa mawe. Tulibaki na mulika mwizi na daftari. Nikafungua ukurasa wa Karatina.

Alipokea mlio wa kwanza haujaisha. Lowell alikuwa amempigia usiku, na tangu hapo hakuwa ameweka simu chini. Nilimweleza kwa maneno machache: ndoo nyeupe, koti la kijani, pikapu ya kabichi, mtoto mchanga. Hakuuliza swali. Nilimsikia akimwita mwenzake wa kibanda cha pili amshikie makoti, siku ya soko, siku anayopata riziki ya wiki.

Aliipata pikapu upande wa kabichi. Dereva akamwonyesha njia, akakodi boda boda. Mimi wakati huo nilikuwa ndani ya matatu, mablanketi ya Lowell mapajani. Tulipita Ruring'u, tukafika Marua, barabara ile ya Kenol mpaka Marua ikipanuliwa, vumbi jekundu limetanda mbele yetu, na kila lori lililotupunguzia mwendo lilinikata roho. Mlima ulikuwa wazi kabisa upande wa kushoto, weupe wa kilele ukionekana. Nilijiambia nimwambie Doha.

Mulika mwizi ikalia. "Nyeri, nimefika," alisema Karatina kwa sauti ya chini. "Hakuna kilichopikwa. Lakini nisikilize." Nyuma yake nilisikia vigelegele. "Vitatu vya mtoto wa kike vilishapigwa kabla sijaingia. Hivi unavyosikia ni vya simu."

Ilikuwa hivi. Wanawake wa kijiji walikuwa wamejaa sebuleni, na uji na njahi na ndizi zao. Mama mkwe alitandaza mchele kwenye ungo auchambue kwa mikono yake mwenyewe, akakuta furushi. Akaifungua ile leso mpya ya maua. Akaona simu. Na mama huyu, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amewatazama wanawe wawili wakinyweshana chai nusu, alielewa jambo moja tu. Alisimama na kuwatangazia watu kwamba mke wa mwanawe ameficha simu ndani ya mchele wa Mwea ili amshtukize wifi yake kwa furaha, na kwamba sasa anaweza kufa akiwa ametulia.

"Na wifi?" nikauliza.

"Amekaa na mtoto. Ameishika ile simu. Hajasema kitu." Karatina akanyamaza kidogo. "Sikuwaambia nimekuja kwa nini. Nimesema mimi ni rafiki yako, nimekuja kumwona mtoto. Habari za ng'ombe nazijua, Nyeri. Nimeona nikungoje."

Nimefikiri mara nyingi juu ya hilo neno. Mtu yeyote mwingine niliyeweza kumtuma, jirani au binamu, angeingia na kusema ukweli palepale, na angekuwa sahihi. Yeye pekee ndiye aliyejua ni nini kingevunjika.

Alinipokea barabarani. Nilimtambua kwa sauti kabla ya uso, na kilichonishangaza ni urefu wake. Kwa miaka sita nilikuwa nimemfanya mrefu, na hapa alinifikia begani. Mikono yake ilikuwa migumu, ya baridi. Tulishikana tukakaa hivyo, na mwenye boda boda akazima injini akatungoja.

Nilimwita mama mkwe nje, nyuma ya jiko, nikapiga magoti kidogo, nikamwambia yote: giza, maziwa, mchele, leso. Nilimwomba msamaha kwa furaha niliyokuwa nakuja kuiondoa. Alinitazama kwa muda, kisha akamtazama Karatina aliyesimama kando na koti lake la mtumba.

"Na huyu mnajuana kwa simu tu?"

"Kwa simu tu, Maitu. Leo ndiyo siku ya kwanza."

"Mimi nilikuwa na rafiki Kitale," akasema. "Kwa radio. Enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC. Nilikuwa nanunua kadi za salamu kwa pesa za mayai. Baba yenu alidhani nimerukwa na akili. Yule wa Kitale alinitumia pole mama yangu alipokufa, ikasomwa mchana, nikiwa shambani na radio juu ya jiwe. Sikumwona mpaka leo." Alijifunga upya kitambaa cha kichwa. "Twende. Nitasema mwenyewe."

Akaingia, akasimama katikati, akawaambia wanawake kwamba ameshangilia kabla ya kuuliza. Simu haikuwa zawadi. Ni mgonjwa, ilizama ndani ya maziwa ikalazwa mchelini, naye ameibeba pamoja na kitanda chake. Wakacheka mpaka mtoto akaamka. Sikuwahi kuona mtu akibeba aibu isiyo yake kwa heshima namna ile.

Wifi hakucheka. Alimpa mtu mtoto, akaja kunikabidhi simu, akatoka nje. Nikamfuata mpaka kwenye zizi lao. Lilikuwa tupu, limefagiliwa.

"Maziwa ya nani?" akauliza.

"Ya yule ng'ombe wa baba."

"Anatoa lita ngapi?"

"Kumi na mbili."

Alihesabu kimya, niliona midomo yake ikisogea. Sikuwa na la kusema, na safari hii sikusema tutazungumza. Ni Karatina aliyekuja na mablanketi niliyoyaacha kwenye boda boda. Alimpa wifi yangu mkononi, akamwambia yametoka Lowell, na kwamba Lowell ataka kujua kama miguu imeshuka uvimbe. Kwamba Doha aliuliza Ijumaa iliyopita kama bado halali upande wa kulia. Kwamba Kerugoya ndiye aliyechagua mchele, kwa kunusa.

Wifi alinigeukia. "Watu hawa wote walijua?"

"Kila wiki."

"Na mimi ulishindwa kunipigia." Hakuuliza. Alisema. Kisha akaliweka blanketi moja shavuni, kama mtu anayepima joto, na machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka, na Karatina akarudi jikoni kuchambua mchele uliobaki.

Simu niliipeleka kwa fundi mjini Karatina siku hiyohiyo stima iliporudi. Aliifungua, akaisafisha kwa spiriti na mswaki laini, akanieleza kwamba maziwa ni mabaya kuliko maji: maji hukauka yakaisha, lakini maziwa huacha mafuta na sukari. Mchele haukusaidia chochote. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake wasizike simu zilizolowa ndani ya mchele, kwa kuwa chembe zake huweza kuzidhuru, na Doha alinitumia habari hiyo mara tatu. Simu yangu ilipona ikiwa na ukungu mweupe upande wa kushoto wa kioo. Sikuibadilisha.

Kabla ya kuondoka jioni ile wifi aliniomba daftari. Alitafuta ukurasa wa namba zangu, akaandika yake chini ya ile ya mume wangu, kwa tarakimu kubwa, akaniambia niwasomee wenzangu wote waiandike kwenye madaftari yao.

Ng'ombe alihamia Karatina mwezi wa Oktoba, juu ya pikapu ileile ya kabichi, mume wangu akiwa nyuma amemshika kamba. Maziwa sasa tunanunua kwa jirani. Ijumaa iliyofuata tulikuwa saba kwenye kioo. Wifi alichelewa, alikuwa akikamua, na kabla hatujamwona uso ilitangulia picha aliyoituma: ndoo ya maziwa ya jioni, iko chini sakafuni, imefunikwa, na juu ya kifuniko ameweka jiwe.